Uncle Moody na Ukoo wa Nchi Mbili

Kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, Malaba ni foleni za malori. Busia ni mji wa baiskeli za abiria na wabadilishaji fedha, shilingi ya Kenya na ya Uganda katika kiganja kimoja. Kusini mwake, Funyula, ndiko Moody Awori alikojijengea jina la kisiasa.

Mtoto huyo wa kasisi wa Kianglikana, aliyezaliwa 1927, alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuingia bungeni miaka ya 1980. Mwaka 2003, Rais Kibaki alimteua Makamu wa Rais baada ya kifo cha Kijana Wamalwa.

Kilichompa sifa zaidi ni magereza. Chini ya wizara yake ya Mambo ya Ndani, wafungwa waliozoea kulala sakafuni walipata magodoro, hata televisheni.

Upande wa pili wa mpaka, mdogo wake Aggrey Awori alikuwa mbunge wa Uganda, na mwaka 2001 aligombea urais dhidi ya Museveni.

Moody alipoteza kiti 2007 kwa Paul Otuoma, ambaye sasa ni gavana wa Busia. Mwaka 2018 aliteuliwa tena, kwenye bodi ya hazina ya michezo. Alikuwa karibu kutimiza miaka 91, na vijana wasio na kazi walilalamika vikali.