Mwanamaji Aliyechora Vita

Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa K.A.R. Alipigana Burma mwaka 1944. Jioni, tulipomwomba atueleze habari za huko, hakusema sana. Alichukua fimbo yake akachora uani: hapa mto, hapa kilima, hapa Wajapani, hapa sisi. Asubuhi mama alifagia uwanja, na vita vya babu vikaenda na takataka. Babu amekwisha kufariki. Mimi sikumbuki tena mto ule ulipita upande gani wa kilima.

Nilimkumbuka babu niliposoma habari za Mwingereza mmoja aitwaye John Worsley. Yeye pia alikuwa askari katika vita vile vile, Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Yeye pia alichora. Lakini michoro yake haikufagiliwa. Ipo mpaka leo, imehifadhiwa London.

MTOTO WA SHAMBA LA KAHAWA

Worsley alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1919. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la wanamaji. Lakini mtoto huyu hakukulia pwani ya Uingereza. Jamaa yake walikuwa na shamba la kahawa nchini Kenya, na utoto wake ulipita huko.

Mimi ni bwana shamba, kwa hiyo siwezi kulipita shamba hilo bila kusema neno. Siku zile kahawa ya Kenya ilikuwa ya walowezi. Mwafrika alizuiwa na serikali ya kikoloni kuipanda, ingawa ndiye aliyeipalilia na kuichuma. Upande wa pili wa mpaka, Kilimanjaro, Wachaga walikuwa wakilima kahawa yao wenyewe, na mwaka 1925 walikwisha kuunda chama chao cha wakulima. Basi tuendelee.

Alipokua, Worsley alirudi Uingereza akasoma uchoraji katika chuo cha Goldsmiths, London. Akaanza kujipatia riziki kwa kuchora picha za hadithi katika magazeti. Mwaka 1939 vita vilianza. Kijana akaingia jeshi la wanamaji.

USIKU WA MELI YA NDIZI

Meli yake iliitwa Laurentic. Zamani ilikuwa meli ya abiria. Vita vilipoanza ilifungwa mizinga, ikatumwa kulinda njia za meli za mizigo. Njia hizo zilikuwa kama mshipa wa damu, kwa sababu Waingereza walipata sehemu kubwa ya chakula chao kutoka ng'ambo.

Tarehe 3 Novemba 1940, usiku, magharibi ya Ireland, nyambizi ya Wajerumani iliipiga meli iliyobeba ndizi kutoka Kameruni. Nyambizi ni chombo cha vita kinachokwenda chini ya maji. Hupiga kwa topido, yaani kombora linalopita ndani ya bahari. Meli ile ya ndizi ikaomba msaada. Laurentic ikaenda kusaidia pamoja na meli nyingine, Patroclus. Nyambizi ilikuwa bado inangoja gizani. Ikaipiga Laurentic. Patroclus ilipokuwa ikiokoa watu majini, nayo ikapigwa. Zote mbili zilizama. Katika Laurentic walikufa watu 49.

Worsley aliokolewa. Alikuwa na umri wa miaka 21.

Alirudi baharini katika manowari nyingine. Kila alipopata nafasi alitoa penseli. Hakuchora makamanda wakipunga panga. Alichora mabaharia wakifanya kazi na kupumzika, watu waliochoka, vyombo vyao na kamba zao.

KWA NINI SERIKALI ILITAKA WACHORAJI?

Msomaji atauliza: kamera zilikuwepo, mchoraji wa nini? Hata mimi niliuliza.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda kamati ya kuchagua wachoraji wa vita. Mwenyekiti wake alikuwa Kenneth Clark, mkuu wa jumba kubwa la picha la taifa. Kamati hiyo ilikusanya picha karibu 6,000 za wachoraji wapatao 400. Clark aliona kwamba kamera hunasa kitu kwa nukta moja tu, lakini mchoraji hukaa na jambo, hulipima, huacha la ovyo na kushika la maana. Tena alikuwa na sababu nyingine, ambayo aliisema wazi baadaye: alitaka wachoraji wasimalizwe na vita. Hapo hakufaulu kabisa. Wachoraji watatu walikufa wakiwa kazini. Mmoja wao, Eric Ravilious, alipotea na ndege karibu na Iceland mwaka 1942.

Mimi naielewa sababu ya kwanza kwa kazi yangu. Nikitaka kumwonyesha mkulima ugonjwa wa chulebuni, picha ya kamera humwonyesha tawi zima, majani, kivuli na mkono wa mtu. Nikichora buni moja kwenye ubao, nikaweka doa jeusi lililobonyea, mkulima husema, "Hilo ninalo shambani."

Michoro ya Worsley ilifika kwa Clark, ikampendeza. Kijana akafanywa mchoraji rasmi wa vita, akapelekwa kwa mkuu wa wanamaji wa Uingereza katika bahari ya Mediterania. Mwaka 1943 alikuwa pamoja na majeshi yaliyoshuka Sisilia, kisha Italia. Kazi ilikuwa hivi: unachora upesi kwa penseli wakati mambo yanatendeka, unaandika pembeni rangi za bahari na moshi, halafu baadaye, palipo na utulivu, unapaka rangi. Penseli haikingi risasi.

Mwishoni mwa mwaka huo alikwenda na kikosi kidogo kwenye kisiwa kimoja cha bahari ya Adria. Wajerumani wakakivamia kisiwa. Mchoraji akawa mateka.

ALBERT

Alipelekwa kaskazini mwa Ujerumani, katika kambi ya maofisa wanamaji karibu na mji wa Bremen. Maisha ya mateka ni njaa, baridi na kungoja. Vifurushi vya Msalaba Mwekundu viliwaletea maziwa ya unga na vyakula vya makopo. Worsley aliendelea kuchora: vitanda vya mbao, watu wakipika, watu wakitazama nje. Pia alisaidia kughushi hati za wale waliotaka kutoroka. Mkono unaojua kuchora uso unajua pia kuchora muhuri.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Bafu la kambi lilikuwa nje ya seng'enge. Mateka walihesabiwa wakitoka kwenda kuoga, wakahesabiwa tena wakirudi. Mtu akijificha bafuni ili atoroke usiku, hesabu ya kurudi itapungua mmoja, na mbwa watafunguliwa. Ilitakiwa apatikane mtu wa kujaza pengo, mtu asiyehitaji kula wala kulala.

Worsley akamtengeneza. Alichukua magazeti ya zamani, akayaloweka na kuyafanya kama uji mzito, akafinyanga kichwa. Nywele zilikuwa za watu kweli. Macho yalikuwa mipira ya tenisi ya mezani. Ndani aliweka chombo kidogo cha kuning'inia, ili sanamu ikitembezwa macho yapepese. Mwili ulikuwa fremu iliyoweza kufunguliwa vipande na kuvikwa koti la wanamaji. Wakampa jina: Albert R.N., yaani Albert wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza.

Walikwenda kuoga wakiwa wamebeba Albert vipande vipande chini ya taulo na nguo. Bafuni wakamuunga. Wakati wa kurudi, Albert alitembea katikati ya safu, wenzake wawili wamemshika huku na huku. Mlinzi akahesabu. Hesabu ikatimia. Ofisa mmoja alikuwa amebaki nyuma, akatoroka usiku.

Kwa siku kadhaa Albert alihesabiwa pamoja na wengine. Ofisa yule alifika mbali, lakini alikamatwa na kurudishwa. Walimtumia Albert mara nyingine, na safari hiyo walinzi wakagundua. Hapo ndipo utumishi wake ulipokoma. Nafikiri hakuna ofisa mwingine katika jeshi lile aliyetumikia bila kula hata siku moja.

Wapo watakaocheka, nami nilicheka. Lakini fikiria wale wawili waliomshika Albert. Mlinzi ana bunduki. Mvua ikinyesha kidogo, uso wa mwenzao utalainika. Walitembea hivyo hivyo.

MAKOPO YA MAZIWA

Mwaka 1945 vita vilipokaribia mwisho, Worsley alikuwa na picha nyingi alizochora kambini. Azichukueje? Aliunganisha makopo matupu ya maziwa ya unga yakawa bomba moja refu, akazikunja picha na kuzitia ndani. Picha zikafika Uingereza. Nyingi ya kazi zake za vita sasa ziko katika jumba la makumbusho ya vita, Imperial War Museum, London.

Baada ya vita ilimbidi ale kwa mkono wake, kama fundi yeyote. Alichora sura za makamanda. Alichora hadithi za picha za askari polisi katika gazeti la watoto liitwalo Eagle. Alichora picha za hadithi za televisheni. Mwaka 1953 sinema ilitengenezwa juu ya Albert, na Worsley akafinyanga Albert wa pili kwa ajili yake.

Kazi moja yake inanivutia kuliko hizo. Polisi wa London walimtumia kuchora sura za wahalifu ambao yeye hakuwaona. Shahidi anaeleza: pua hivi, paji la uso hivi. Mchoraji anachora na kuuliza, anafuta na kuuliza tena. Kazi hiyo inataka masikio kuliko macho. Nimejaribu njia hiyo shambani. Mama mmoja alinieleza mdudu aliyekula mahindi yake usiku. Nilichora, akasema hapana, miguu iko mbele. Nikafuta. Mara ya tatu akasema, "Ndiye huyo," na kumbe alikuwa mdudu ninayemjua vizuri, isipokuwa nilikuwa simsikilizi.

Bahari Worsley hakuiacha. Alipata kuwa rais wa chama cha kifalme cha wachoraji wa mambo ya bahari cha Uingereza. Alifariki mwaka 2000 akiwa na umri wa miaka 81.

Huyo Albert wa pili, wa sinema, aliwekwa katika makumbusho ya wanamaji mjini Portsmouth, na koti lake mwilini.