Vumbi Lisiloonekana Nalo Lastahili Kuandikwa

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Afikaye Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, hahitaji kufafanuliwa methali hii. Wachongaji wa mawe laini yaliyolipa eneo hilo sifa ulimwenguni huketi mchana kutwa katikati ya vumbi jeupe, likiwatanda nguoni na nyusini.

Hata hivyo, vumbi lidhurulo zaidi si lile lionekanalo. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, ilhali zile ndogo mno hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa mapafuni. Mawe haya yana madini ya talki, na avutaye vumbi lake kwa miaka mingi aweza kupata makovu ya mapafu yasiyofutika. Viwanda vya leo hutengeneza chembe ndogo zaidi, zipimwazo kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Tahadhari ni ile ile: usihukumu hewa kwa macho.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri amfunze mfanyakazi wake. Je, mchongaji aliyejiajiri atafunzwa na nani? Huko Marekani, taasisi ya NIOSH, ichunguzayo usalama kazini, iliwahi kuwa na mhariri mkazi wa Wikipedia ili maarifa ya watafiti wake yaufikie umma. Nasi tunayo Wikipedia ya Kiswahili tangu mwaka 2003, nayo iko wazi kwa kila mwandishi. Lakini wanasayansi wetu aghalabu huandika kwa Kiingereza, katika majarida ambayo mchongaji hatayaona kamwe.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi. Dai hili halina mashiko. TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Ugumu halisi umo katika neno la kawaida kabisa: vumbi. Kwa msemaji wa Kiswahili, vumbi ni kitu kionekanacho. Ukimwambia ajihadhari nalo, atazikung'uta nguo zake mlangoni, na chembe zitaruka upya mbele ya wanawe.

Kwa hivyo makala ifaayo haina budi kueleza waziwazi: jiwe lilowe kabla ya kusuguliwa kwa msasa; kitambaa kilichofungwa puani si kinga ya chembe ndogo; nguo za kazi zisikung'utwe nyumbani.

Rai yangu ni kwamba vyuo vikuu vyetu viwafunze wanasayansi uandishi huu, vikiwaketisha pamoja na wanafunzi wa Kiswahili: mmoja athibitishe ukweli, mwenzake apime lugha. Kisha mwalimu wa sekondari huko Nyamira awasomee wanafunzi wake, ambao baadhi ya wazazi wao hufanya kazi katika viwanda vya chai. Wasipoelewa, wa kusahihishwa ni waandishi, si wanafunzi.

Elimu isiyomfikia ashikaye patasi haijakamilika.