Sura ya Nne: Kesi Haiulizi Kama Sigara Inaua

Mei 2006, Waziri wa Afya Charity Ngilu alitangaza kanuni za kupiga marufuku uvutaji wa sigara hadharani. Kampuni za sigara zikaenda Mahakama Kuu, na kanuni zikasimamishwa. Anayetaka kuelewa siasa ya tumbaku nchini Kenya aanzie hapo, kwa sababu mtindo huo haujabadilika sana. Kesi za namna hii haziulizi kama sigara inaua. Hilo halina ubishi tena, na wakili mwerevu hapotezi muda nalo. Zinauliza waziri alipata wapi mamlaka, nani alishirikishwa, karatasi ilipitia wapi.

Kenya ilikuwa imetia saini na kuridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku siku hiyo hiyo moja, 25 Juni 2004. Haraka hiyo iliishia kwenye meza ya saini. Sheria yenyewe ilipatikana 2007 na kuanza kutumika Julai 2008. Ilikataza matangazo ya sigara, ilizuia kuwauzia walio chini ya miaka 18, na ikaweka faini ya hadi shilingi 50,000 au kifungo kisichozidi miezi 6 kwa anayevuta mahali pa umma palipokatazwa.

Lakini sheria bila kanuni ni maneno matupu. Kanuni zilichapishwa Desemba 2014, na ukizisoma utaona mara moja zilipouma. Pakiti ibebe picha za maradhi. Kampuni zitaje zilichotia ndani ya sigara. Zichangie asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao kwenye mfuko wa kudhibiti tumbaku. Na lile ambalo kwa maoni yangu ndilo lililowakera zaidi: afisa wa serikali asikutane na watu wa tumbaku ila panapokuwa na ulazima, tena kwa uwazi. Kwa biashara iliyozoea kuongea na wakubwa faraghani, hilo ni pigo kuliko picha ya pafu bovu.

Aprili 2015 kampuni ya sigara ya BAT Kenya ikashtaki, ikilalamika, pamoja na mengine, kwamba haikushirikishwa ipasavyo. Machi 2016 Mahakama Kuu iliunga mkono sehemu kubwa ya kanuni. Februari 2017 Mahakama ya Rufaa ikaitupa rufaa. Mahakama ya Juu ikafunga mjadala Novemba 2019. Serikali ilishinda ngazi zote tatu, na bado ilichukua karibu miaka mitano tangu kanuni zichapishwe. Kampuni inaweza kushindwa kesi na ikafaidi ule muda.

Hapo ndipo kazi ya wanaharakati inapoonekana, na si kazi ya mabango na fulana za 31 Mei, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani. Muungano wa Kudhibiti Tumbaku Kenya uliomba kuingizwa kwenye kesi, ukakaa kortini upande mmoja na serikali. Watetezi wa afya walijifunza kusoma hati za viapo kama wanavyosoma takwimu za saratani. Marufuku ya shisha ya Desemba 2017 inaonyesha gharama ya kulegea: miaka kadhaa baadaye, mahakama ya Shanzu, Mombasa, iliiona haina nguvu kwa sababu haikuwa imefikishwa bungeni inavyotakiwa. Hakuna aliyehitaji kuthibitisha kwamba shisha ni salama.

Bidhaa nayo haikai ilipoachwa. Vifuko vya nikotini vya Lyft viliingia sokoni vikiwa vimesajiliwa na bodi ya dawa na sumu. Oktoba 2020 Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akasema usajili huo ulikuwa na kasoro. Baadaye vifuko vikauzwa kwa jina la Velo.

Sasa njoo kwenye kibanda kando ya steji. Kiberiti cha gesi kimefungwa kwa uzi kwenye wavu. Makanga anatoa sarafu, anapokea fegi moja, anaiwasha hapo hapo, anarukia matatu. Pakiti yenye picha ya kutisha imebaki ndani, na anayeitazama kutwa nzima ni mwenye duka, ambaye pengine havuti. Onyo lililopiganiwa hadi Mahakama ya Juu halikumfikia aliyekusudiwa. Sheria ya 2007 ililiona hilo mapema: sigara isiuzwe ila kwenye pakiti ya vijiti visivyopungua 10. Kwangu mimi kifungu hicho kina uzito kuliko picha, kwa kuwa kijana mwenye sarafu moja hawezi kununua pakiti.

Kukitekeleza ni jambo jingine. Tangu ugatuzi, afisa wa afya ya umma anayepaswa kukagua kibanda kile ameajiriwa na kaunti, ilhali ushuru wa sigara unaingia hazina ya taifa. Anayegharamia ukaguzi siye anayekusanya ushuru, na afisa huyo huyo ndiye anayetazamiwa akague machinjio, hoteli na vyoo vya shule.