Keki ya Chungwa na Mafuta ya Zeituni: Ulaini Unatoka Wapi?
Katika nyumba nyingi za Hispania kuna keki ambayo watoto hujifunza kuioka mapema, na haihitaji mizani. Kikombe cha mtindi cha gramu 125 kikishamiminwa kwenye bakuli, hichohicho ndicho kipimo: kimoja cha mafuta, viwili vya sukari, vitatu vya unga wa ngano. Yanaongezwa mayai matatu, beking pauda, na maganda ya limau au chungwa yaliyokwaruzwa. Siagi haimo. Mara nyingi mafuta ni ya zeituni, maana hakuna nchi inayoyazalisha kwa wingi kuishinda Hispania.

Keki hiyo hukaa siku kadhaa bila kukauka. Wengi husema ni mtindi, au maji ya chungwa yakitiwa. Vinachangia, lakini kazi kubwa ni ya mafuta.

Siagi ina mafuta asilimia 80 hivi, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Mafuta ya zeituni hayana maji. Basi kama unyevu ungekuwa suala la maji tu, keki ya siagi ingeshinda. Tofauti huja keki ikipoa: siagi huganda, na keki hukaza pamoja nayo. Mafuta ya zeituni, ambayo zaidi ya nusu yake ni asidi ya oleiki, hayagandi kwenye joto la kawaida la chumba. Ukitafuna yanaenea mdomoni mara moja, na ulimi unapokea hali hiyo kama unyevu. Tena yanazipaka chembe za unga, hivyo protini za ngano hazishikani kwa nguvu na gluteni haiwi nyingi.

Yana upungufu mmoja. Siagi ikipigwa na sukari hunasa hewa. Mafuta ya maji hayawezi. Kwa hiyo hewa itoke kwenye mayai. Yapige na sukari mpaka yaumuke, yapauke, na alama ya mwiko ibaki juu kwa sekunde chache kabla ya kufutika. Hapo ndipo umimine mafuta kidogo kidogo huku unapiga, ili lesithini iliyo katika kiini cha yai iyashike yasijitenge. Kwa mpishi wa Pwani naiona njia hii kuwa bora kabisa. Siagi hunasa hewa vizuri ikiwa kwenye nyuzi 20 hivi, na jikoni Tanga au Mombasa mchana wa Februari huwa imeshalegea kabla hata hujaishika.

Sasa chungwa lenyewe. Harufu yake imo kwenye vifuko vidogo vya mafuta vilivyojaa katika ngozi ya nje, na zaidi ya asilimia 90 ya mafuta hayo ni limonene. Limonene haipatani na maji ila huyeyuka ndani ya mafuta, ndiyo maana mafuta ya keki huibeba vizuri sana. Anayeongeza maji ya chungwa ili keki inukie anapata uchachu na keki nzito. Kwaruza ganda badala yake, ukomee pale weupe unapoanza kwa kuwa weupe ni mchungu, kisha lifikiche na sukari kwa vidole. Punje za sukari hupasua vifuko, na baada ya dakika moja au mbili sukari inakuwa kama mchanga uliolowa, jiko zima linanukia. Chungwa la Muheza lenye ganda la kijani linafaa vilevile. Ganda huacha ukijani pale usiku unapokuwa na baridi, kwa hiyo katika joto letu chungwa huiva likiwa bado kijani.

Wapo wanaohofia kuwa mafuta ya zeituni yataungua. Oveni ikiwa nyuzi 180, ndani ya keki joto halipiti 100, kwa sababu maji yaliyomo bado yanageuka mvuke. Hofu ya bei ndiyo yenye msingi: madukani kwetu mafuta haya ni ghali. Mafuta ya alizeti yataleta ulaini uleule. Utakachokosa ni ladha ya zeituni, ambayo kwangu inapendeza sana ikikutana na chungwa.

Ikishapoa, ifunike uiache mezani, usiitie kwenye friji. Baridi ya friji huharakisha wanga kujipanga upya na kukakamaa, na hilo mafuta hayawezi kulizuia. Ukitaka kuitunza zaidi ya siku mbili tatu, ikate vipande, vifunge vizuri na uvigandishe kwenye friza, ambako mabadiliko hayo karibu husimama.