Je, Wajua? Daktari Humpima Nini Dereva wa Treni

Treni nzito ya mizigo ikiwa kwenye mwendo huweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja ili isimame. Dereva wake hawezi kukwepa kitu njiani kama afanyavyo dereva wa basi. Na treni ikiwa ya abiria, usalama wao unategemea macho ya dereva, moyo wake na jinsi alivyolala jana. Karibu kila kipimo anachofanyiwa kina historia yake, na mara nyingi historia hiyo ni ya msiba.

Je, wajua kwamba wafanyakazi wa reli waliwahi kupimwa macho kwa sufu?
Tarehe 15 Novemba 1875, treni mbili ziligongana Lagerlunda, Sweden, na watu 9 wakafa. Frithiof Holmgren, mwanafiziolojia wa Uppsala, alishuku kwamba kuna aliyeshindwa kutofautisha taa nyekundu na ya kijani. Mwaka uliofuata aliwapima wafanyakazi 266 wa reli ya Uppsala hadi Gävle, akakuta 13 wenye upofu wa rangi. Alimpa mtu fungu la nyuzi za sufu za kijani hafifu, akamtaka achague kwenye rundo mengine yanayofanana nalo, bila kutaja jina la rangi yoyote. Sababu ni kwamba mwenye upofu wa rangi hujifunza tangu utotoni kuwa majani ni ya kijani na damu ni nyekundu, akaishi miaka mingi bila hata yeye mwenyewe kujua tatizo lake. Watafiti wa karne hii wanatilia shaka kama upofu wa rangi ndio uliosababisha ajali ya Lagerlunda. Hata hivyo, wale 13 walikuwa kazini kweli, na nchi nyingi zikaanza kupima.

Je, wajua kwamba ukurasa wa kwanza wa kipimo cha Ishihara husomwa na kila mtu?
Daktari Shinobu Ishihara wa Japani alitoa mwaka 1917 picha zake za vidoti vya rangi vyenye namba ndani. Namba ya ukurasa wa kwanza, 12, huonekana hata kwa mwenye upofu wa rangi. Ukurasa huo humwonyesha anayepimwa namna ya kujibu, na pia humfichua anayejifanya haoni.

Je, wajua kwamba uwezo wa kuona rangi unaweza kupotea ukubwani?
Upofu wa rangi wa kuzaliwa nao huwapata zaidi wanaume. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ni takriban asilimia 8 ya wanaume. Lakini kisukari nacho huweza kuharibu macho yaliyokuwa mazima. Tarehe 9 Februari 1996, treni mbili ziligongana karibu na Secaucus, New Jersey, Marekani. Walikufa madereva wote wawili na abiria mmoja. Wachunguzi walihitimisha kwamba dereva mmoja hakuitambua taa nyekundu kwa sababu ya macho yaliyoathiriwa na kisukari, na kwamba hakuwaeleza madaktari waliompima kazini. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa kiliwachukua na wengine.

Je, wajua kwamba mguu wa mtu aliyepoteza fahamu uliwahi kushinda breki?
Treni nyingi zina pedali ambayo dereva huikanyaga muda wote. Akiiachia, breki hujifunga. Tarehe 31 Januari 2003, karibu na Waterfall, kusini mwa Sydney, dereva alipatwa na mshtuko wa moyo, na uzito wa miguu yake ukaendelea kuishikilia pedali. Treni iliingia kwenye kona yenye kikomo cha kilomita 60 kwa saa ikiwa na mwendo wa takriban 117, ikaacha reli. Watu 7 walikufa, akiwemo dereva. Mwaka 2004 Australia ilianza kutumia mwongozo mmoja wa kitaifa wa vipimo vya afya, unaokadiria pia hatari ya moyo hata kwa mtu asiyehisi maumivu yoyote.

Je, wajua kwamba dereva wa Shinkansen alilala treni ikikimbia kilomita 270 kwa saa?
Haikufika hata mwezi baada ya Waterfall. Tarehe 26 Februari 2003, dereva huyo wa Japani alisinzia kwa takriban dakika 8, na mitambo ikaisimamisha treni yenyewe katika stesheni ya Okayama. Hakuna aliyeumia. Uchunguzi ulionyesha ana tatizo la kukatika pumzi usingizini: koo huziba, ubongo humzindua mtu mara nyingi usiku kucha, naye huamka amechoka akidhani amelala vizuri. Tatizo hilohilo, likiwa bado halijagunduliwa, alikuwa nalo dereva wa treni iliyoanguka Spuyten Duyvil, New York, tarehe 1 Desemba 2013, ambako watu 4 walikufa.

Je, wajua kwamba si madereva peke yao wanaopimwa?
Waongozaji wa ishara hupimwa, na mafundi wa njia pia, kwa kuwa fundi asiyesikia honi hawezi kukimbia kwa wakati. Vipimo huongezeka kadiri umri unavyosogea. Umoja wa Ulaya unataka dereva apimwe angalau kila miaka 3 hadi afikishe miaka 55, kisha kila mwaka.

Je, wajua kwamba wengi wanaogunduliwa na tatizo wanaweza kurudi kazini?
Kukatika pumzi usingizini hutibika kwa mashine ndogo inayosukuma hewa puani usiku. Shinikizo la damu na kisukari hudhibitiwa, na daktari huweza kumruhusu mfanyakazi kwa masharti ya kumfuatilia. Shirika la reli linalomfukuza kila anayesema ukweli huwafundisha wenzake kunyamaza, na dereva aliyenyamaza ni hatari zaidi kuliko mgonjwa anayetibiwa. Kwa hiyo haki ya mfanyakazi kutibiwa na kulindiwa kazi yake ni sehemu ya usalama wa kila abiria.