Kadi za Malipo na Haja ya Fedha Taslimu

Neno taslimu tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni kukabidhi, yaani kutia kitu katika mkono wa mwingine. Kwa maana hiyo alipaye kwa kadi hakabidhi kitu. Huiamuru benki yake tu ipunguze hesabu yake na kuongeza ya mwuzaji. Baadhi ya watu hudhani kwamba kadi ikiingia mfukoni, noti hutoka. Sivyo, maana kadi haina nguvu ila pale ambapo mwuzaji amekubali kuipokea.

William Baumol mwaka 1952, na James Tobin mwaka 1956, waliifananisha fedha ya mkononi na shehena ya bohari. Fedha hiyo hukosa faida ya benki, walakini kila safari ya kwenda kuichukua ina udhia wake. Mtu hupima hasara hizi mbili. Hesabu yao huonyesha kwamba akiba ya mkononi hufuata kipeuo cha pili cha matumizi. Basi mtu ambaye maduka yake yameanza kupokea kadi, hata matumizi yake ya taslimu yakashuka kufikia robo, akiba yake hushuka kufikia nusu tu, mengine yakibaki kama yalivyo.

Zaidi ya hayo kuna shaka. Mwuzaji mmoja asiyepokea kadi atosha kumfanya mnunuzi atembee na noti siku zote, na noti ikiwapo hutumika hata penye mashine. Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilikunja noti moja nyuma ya kadi kwa ajili ya kinyozi. Aghalabu iliishia kwa mwoka mikate, ambaye mashine alikuwa nayo. Tena mtafiti asifanye haraka kusema kuwa mashine ndiyo sababu: mwuzaji hulipa ada kwa benki, naye hukubali gharama hiyo hasa pale wateja wake walipokwisha kuzipenda kadi.

Uswidi, iliyotangulia Ulaya nzima kutoa noti za benki mwaka 1661, yatupa mfano wa mbali zaidi. Benki kuu yake iliwauliza watu jinsi walivyolipia kitu walichonunua mwisho: mwaka 2010 watu 39 katika mia walisema kwa taslimu, mwaka 2018 walikuwa 13. Hapo mambo yaligeuka. Kadiri noti zilivyopungua, maduka yalianza kuzikataa, na matawi mengi ya benki yakaacha kuzishughulikia. Asiyekuwa na kadi, mathalani mzee wa shamba, akawa mgeni sokoni kwake. Sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2021 ilizilazimisha benki kubwa ziendelee kutoa huduma za taslimu. Lakini sheria hiyo haikumlazimisha mwenye duka kuipokea, na mzee aliyepata noti yake benki aliweza bado kurudishwa nayo mlangoni pa mwoka mikate.