Daftari la Matumizi na Moshi wa Jikoni

Familia nyingi mjini Singida zinajua bei ya kopo la mkaa, lakini ni chache zinazojua mkaa umezigharimu kiasi gani kwa mwaka. Anayenunua kopo la shilingi 1,000 kila siku hutumia shilingi 365,000 kwa mwaka. Kwa kuwa fedha hizo hutoka kidogo kidogo, hakuna anayeziona zikiondoka.

Hesabu hiyo ya fedha ni hesabu ya miti pia. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo 1 ya mkaa hula takribani kilo 6 hadi 10 za kuni. Ndiyo maana Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, aliutazama ununuzi wetu wa kila siku kuwa suala la dhamiri.

Mara nyingi tunadhani mama anashikilia mkaa kwa sababu gesi ni ghali. Kumbukumbu za manunuzi hutuambia vingine: kinachomshinda ni kutoa fedha nyingi kwa mkupuo. Jijini Dar es Salaam, kampuni ya KopaGas ililielewa hilo, ikafunga mita kwenye mitungi ili mteja alipie kwa simu kiasi alichonacho siku hiyo. Mita ilionyesha matumizi, na mtungi mwingine uliletwa kabla wa kwanza haujaisha. Gesi nayo hutoa hewa ukaa, tusidanganyane. Ila haidai mti ukatwe, wala haimjazi mpishi moshi kifuani. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034.

Basi kila familia iandike kwa mwezi mmoja fedha za mkaa, kuni, gesi, umeme na petroli. Wanaolipa kwa simu wapitie ujumbe wa malipo. Nasi wenye vyombo vya moto tusijifiche nyuma ya jiko la jirani: lita 1 ya petroli hutoa zaidi ya kilo 2 za hewa ukaa. Nilipojumlisha safari zangu za pikipiki, nilinyamaza kidogo.

Jumuiya ikiona kwamba kikwazo ni mtungi wa kwanza, inaweza kuchangiana kwa zamu. Lakini daftari lenyewe libaki nyumbani. Lisisomwe mbele ya wanajumuiya, maana humo mna umaskini wa watu.